Kompyuta Namba Sita

Sauti ndiyo iliyotangulia. Saa nane mchana, feni zinazunguka kivivu, chumba cha kusomea kina watu kama kumi na watano: wazee wawili wa magazeti, wasichana watatu wa darasa la sita wanaochora ramani ya Afrika, vijana wa barua za kuomba kazi, na kaka mmoja kwenye kompyuta ya pembeni kabisa, hedifoni masikioni. Kaka akajinyoosha. Mguu ukanasa waya, pini ikachomoka, na alichokuwa akikisikia peke yake tukakisikia wote.

Sauti yenyewe sitaieleza. Anayeijua anaijua.

Alibonyeza kila kinachobonyezeka. Kompyuta nayo, kwa ukorofi wake wa siku zote, ikaganda huku ikiendelea kupiga kelele. Mzee mmoja akashusha gazeti, "Astaghfirullah," akasema taratibu, kama anayeinong'onezea kanzu yake. Wasichana wa ramani waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nilivuka chumba nikachomoa waya ukutani. Nilipoinuka, kaka alikwishafika barabarani na kadi yake ya uanachama imebaki mezani, picha yake ya pasipoti ikinitazama.

Nilimfahamu. Wageni wanaupenda ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, ila sisi wenyeji hatuendi kokote, tunakutana sokoni na misibani mpaka tuzikane. Alikuwa fundi baiskeli wa Ngamiani. Alishanibadilishia cheni mara mbili, na mara ya pili alikataa hela. Nikaitia kadi kwenye droo.

Maktaba yenyewe siitaji jina wala mtaa. Mimi nimeshaondoka, lakini niliowaacha bado wanakula mkate wao pale. Itoshe kusema ilikuwa ya umma, ilikuwa na kompyuta nane ambazo sita ndizo zilizokuwa zikifanya kazi, na kona hiyo niliisimamia mimi kwa miaka minne.

Kesho yake bosi aliniita. Habari ilikuwa imeshafika kwake, tena imenenepa njiani: eti ni vijana watano na wamekodi chumba. "Weka kitu cha kuzuia," akasema. Nikamuuliza kizuie nini. Akaniangalia kama niliyemuuliza bahari iko wapi. "Hayo," akasema. "Hayo mambo."

Basi akaja kijana wa kompyuta na flashi mfukoni, akatufungia programu ya kuchuja. Mpango wake ulikuwa rahisi: ina orodha ya maneno machafu ya Kiingereza, ukurasa wowote wenye neno mojawapo haufunguki, badala yake linatokea bango jekundu. Tulikaa kwa amani wiki tatu. Kisha yakatoka matokeo ya kidato cha nne.

Siku ya matokeo enzi hizo, kabla kila mtoto hajawa na simu yake, foleni ya maktaba ilifika nje. Wazazi wamekuja, shangazi wamekuja, mmoja amebeba kabisa chupa ya soda ya kupongezea. Mtahiniwa wa kwanza akaketi, akaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, akabofya jina la shule yake. Bango jekundu. Akajaribu shule ya rafiki yake. Bango jekundu. Ilinichukua dakika kumi, jasho linanitoka, kuelewa. Jedwali la matokeo lina safu ya namba ya mtahiniwa, na safu inayofuata, ya kuonyesha huyu ni mvulana au msichana, imeandikwa kwa Kiingereza SEX. Chujio letu lilikuwa limeamua kwamba matokeo ya kidato cha nne ya nchi nzima ni ngono. Nikalizima mbele ya watu, na mama mwenye soda akaniambia, "Mwanangu, mtambo huu umeusomesha wapi?"

Baadaye nilisoma kwamba hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha kwenye huduma ya America Online kwa kuwa katikati ya jina la mji wao mmekaa tusi zito la Kiingereza, na mashine ikaliona tusi, mji haikuuona. Tangu hapo mafundi duniani kote huliita tatizo hili kwa jina la mji huo. Kama fundi wetu angekuwa mtu wa kusoma kabla ya kufunga, jina lingekuwa la Tanga.

Maana aliporudi alifanya kubwa zaidi. Wakati orodha yake ya Kiingereza ikizuia matokeo, uchafu wa Kiswahili ulikuwa unapita kama maji. Vijana hawatafuti kwa Kiingereza; wanaandika video za wakubwa, wanaandika koneksheni, na mashine iliyofundwa Marekani haina habari kwamba koneksheni kwetu si ya umeme. Kijana akasema hilo dogo, akaongeza matusi ya Kiswahili kwenye orodha kwa mkono wake, na kwa ari kubwa. Siku mbili baadaye hakuna gazeti lililofunguka. Ukitaka kujua sababu, liandike neno kumaliza kwenye karatasi na uzibe herufi nne za mwisho kwa kidole. Serikali inakusudia kumaliza mradi, kimezuiwa. Mwanafunzi aliyekaribia kumaliza masomo, kimezuiwa. Habari za Simba nazo zilikatika, na nilihangaika hadi jioni kugundua kwamba kosa ni la rangi ya jezi. Nyekundu nayo ina neno lake ndani.

Bibi yangu alichuja tui kwa kifumbu, kile kifuko cha ukindu. Kifumbu kinafanya kazi kwa sababu chicha ni kubwa na tui ni jepesi; tofauti iko kwenye vitu vyenyewe. Maneno hayako hivyo. Neno lile lile ni tusi barazani, ni somo kwenye baiolojia, na ni maradhi kwenye kliniki.

Tukahamia aina ya pili, ambayo hadi leo naiona ina nafuu. Kila tovuti ina jina tunaloliandika sisi na namba inayotumiwa na mashine, na katikati kuna mtambo unaoulizwa: jina hili namba yake ngapi? Huo ndio wanaouita DNS. Ukiingia kwenye ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ukaielekeza iulize mtambo wenye adabu zake, kama ule wa OpenDNS uitwao FamilyShield, au tangu 2020 ule wa Cloudflare wenye anwani 1.1.1.3, basi kila ukiuliza tovuti ya ngono hupewi namba yake. Ni bure, hauhitaji kufunga programu kwenye kompyuta, na hausomi neno kumaliza. Udhaifu wake ni kwamba unafunga nyumba nzima au kuiacha nyumba nzima. Mtandao wa kijamii wenye habari za maana chumba cha mbele na uchafu chumba cha nyuma, mtambo huu hauna ufunguo wa chumba kimoja. Na tovuti nyingi siku hizi zinafunga mawasiliano yake tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, hivyo hata chujio la maneno likisimama njiani linaona jina la tovuti tu, yaliyomo halioni. Na kuna VPN, programu inayokupitisha njia ya uficho chujio lisione unakokwenda. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ilipobanwa, hata shangazi yangu wa Pangani anajua VPN.

Jambo lililonifundisha zaidi halikuwa na mtambo. Siku moja nilikuwa napanga magazeti nyuma ya binti wa kidato cha tatu. Aliandika kwa Kiingereza maneno mawili, titi na uvimbe, na bango jekundu likatokea (hii ilikuwa bado enzi ya orodha). Aliruka kama aliyeguswa na pasi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akafunga, akachukua mkoba. Nikamfuata barazani.

"Mwanangu, ulikuwa unatafuta nini?"

"Hamna, shangazi."

Alikuja tena siku ya pili, hakugusa kompyuta. Siku ya tatu akasimama mbele ya meza yangu akichezea kifuniko cha kalamu. "Ni mama," akasema. Nikamwambia asitafute kokote, amshike mama mkono ampeleke hospitali ya Bombo, tena wiki hiyo hiyo. Mama alikwenda. Yaliyofuata ni yao.

Nililala vibaya usiku ule. Yule fundi baiskeli alinikera, ndiyo, lakini aibu yake ilikuwa ya kujitakia. Binti huyu tulimwaibisha sisi. Tulimwambia kwa maandishi mekundu kwamba ugonjwa wa mama yake ni uchafu.

Bibi yangu, pamoja na kukuna nazi, alikuwa kungwi. Waliozaliwa pwani wanaelewa. Kwa wengine nieleze kwamba ndiye aliyekuwa anawafunda wanawali mambo ya unyumba, na hakuwa na haya ya kutaja kitu kwa jina lake. Nyimbo zake za unyago zingezifunga kompyuta zote sita kwa mpigo. Lakini alizifundisha ndani, mlango umefungwa, kwa aliyefikia umri, na yeye mwenyewe ameketi hapo kujibu. Akitoka nje, mtoto akimuuliza wanafanya nini, anamwambia wanatwanga mpunga. Kwake jambo lile halikuwa baya. Lilikuwa na chumba chake. Nadhani ndicho kilichonikosesha raha na neno la bosi, "kuzuia." Pwani hatuna desturi ya kuzuia sana. Tuna desturi ya kusitiri, na kusitiri kunahitaji mtu anayeona nani yuko chumbani.

Wazungu nao wamehangaika, na kwa gharama kuliko sisi. Ufaransa, karne ya 19, Maktaba yao ya Taifa ilivitenga vitabu vya namna hii kwenye kabati maalumu na kuliita Jehanamu, jina rasmi kabisa la orodha. Marekani walikwenda mahakamani. Mwaka 1998, huko Loudoun, Virginia, Jaji Leonie Brinkema alikataa utaratibu wa maktaba ya kaunti kuchuja kompyuta zake zote hata kwa watu wazima; mama huyo kabla ya sheria alikuwa mkutubi, kwa hiyo nina hakika alijua harufu ya chumba anachokizungumzia. Desemba 2000 ikatiwa saini sheria inayosema maktaba ikitaka punguzo la serikali kwenye gharama za intaneti lazima ifunge chujio. Chama cha Maktaba cha Marekani kikaishtaki serikali. Juni 2003 Mahakama ya Juu iliiacha sheria isimame, majaji sita kwa watatu, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi amfungulie.

Hapo nilicheka peke yangu. Amwombe mkutubi! Nipe mwanaume mmoja wa Makorora atakayesimama mbele ya dada mwenye mtandio aseme, naomba unifungulie. Hata yule binti wa titi hakuweza, naye alikuwa na haki kuliko wote.

Kisa cha Marekani kilichoniingia ni kingine. Mjini Minneapolis wafanyakazi 12 wa maktaba ya mji walilalamika mwaka 2000 kwamba kazini kwao wanalazimika kuziona picha hizo kila siku: kwenye vioo, kwenye karatasi zilizoachwa kwenye printa. Mwaka 2003 wakalipwa dola 435,000 kumaliza shauri. (Ndiyo, kumaliza.) Katika mijadala yote ya uhuru wa msomaji na ulinzi wa watoto, ni nadra mtu kumtaja anayekaa pale tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Mwenzangu, binti mdogo aliyekuwa akisafisha, alikuwa na kitambaa chake tofauti cha kufutia kompyuta za pembeni na hakutaka kusema kwa nini. Sikumuuliza. Ningemuuliza.

Mafundi walituachia jambo moja la heri: programu inayoirudisha kompyuta kama ilivyokuwa kila inapowashwa. Kabla yake, mzee alikuwa anaandika herufi p, anatafuta pensheni yake, na mashine inamkamilishia neno kwa kumbukumbu ya aliyetangulia. Baada yake kila asubuhi kompyuta ziliamka zimesahau kila kitu. Wote tungelala hivyo.

Kilichobaki nilikifanya na seremala. Tulizigeuza meza, vioo vikatazama njia ya kuendea magazeti, pale wazee wanapopita. Seremala alitaka kuweka na vibao vya kutenganisha, akapima kwa kiganja, vikatoka vifupi hadi mtu mrefu anaonekana kidevu. Nikaviacha hivyo hivyo. Wiki moja tu, matatizo yakapungua kuliko ilivyowezekana kwa orodha zote za yule kijana. Mtu anayejua kwamba mzee wa kanzu atapita nyuma yake hahitaji chujio.

Ila ile ilikuwa ni kumfunga binti mara ya pili. Kwa hiyo namba sita nikaiacha inatazama ukuta, ubavuni mwa meza yangu. Mimi niliweza kuona uso wa aliyeketi, kioo sikukiona. Anayeitaka anasema tu "namba sita," na mimi siulizi. Waliikalia wenye barua za mirathi, wenye kesi za ndoa, mama mmoja aliyekuwa akisoma juu ya ugumba kila Jumanne, kijana aliyepima na kupata majibu asiyoyataka. Pembeni niliweka boksi la biskuti lenye tundu: ukikuta tovuti imefungwa na unaihitaji, andika jina lake kwenye kikaratasi, usiandike lako, kesho utaikuta imefunguliwa au utakuta mstari umekatwa ubaoni. Sehemu kubwa ya vikaratasi vilikuwa vya afya na vya shule. Kimoja kiliandikwa "zote." Nilikibandika nyumbani kwenye friji.

Na kwa yule ambaye bado anathubutu, nilikuwa na sentensi moja. Namsogelea kwa upande, sitazami kioo, nasema kwa sauti ya kawaida: "Kaka, mashine hii inasumbua, hamia namba mbili." Namba mbili iko mbele ya meza yangu. Anaelewa, naelewa, chumba hakijui. Katika miaka minne ni mmoja tu aliyebisha. Alisema yeye mtu mzima na analipa kodi. Nikamwambia ni kweli kabisa, na baba wa wale watoto wa meza ya pili naye analipa.

Picha za watoto zilikuwa sura nyingine. Kwa hizo sikuwa na sentensi wala kusitiri, ni polisi moja kwa moja, na nashukuru sikuwahi kuinua simu. Kwa hayo mengine, nilipoisoma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 niliona inamkamata anayechapisha picha za ngono, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7. Fundi baiskeli hakuchapisha kitu. Alinasa waya.

Bosi hakuridhika. Zilipotoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018, zilizowataka wenye intaneti kafe wafunge kamera na kuandikisha watumiaji kwa vitambulisho, aliona nasi tuna lililotuhusu, akaleta daftari la safu tano. Jina, kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Safu ya tano: alichotafuta. Zile nne nilizijaza kwa uaminifu. Ya tano niliandika "masomo," mstari hadi mstari, ukurasa hadi ukurasa, mpaka siku niliyoondoka. Anayesoma daftari lile atadhani Tanga haikuwa na jambo lingine moyoni.

Na hakuna siku hata moja aliyoniita kuhusu mikeka. Vijana walijaa Ijumaa kusuka mikeka ya kubeti, wanabeti ada, wanabeti nauli, mmoja alibeti hela ya dawa za bibi yake na mkeka ukachanika kwa bao la dakika ya tisini. Hilo lilikuwa kwenye vioo vyote, mchana kweupe, wazee wanapita nyuma na wengine wanasimama kutoa ushauri. Halikuwamo kwenye orodha ya kijana. Nilipolitaja kikaoni, bosi alikohoa. Nilijua kwa nini. Jumatatu mbili nilishamwona akikagua tiketi.

Siku hizi kelele zile zimehamia mifukoni, kwenye vifurushi vya usiku, na kompyuta za maktaba zimebaki kwa fomu za mikopo ya chuo na maombi ya ajira. Namba sita nasikia bado inatazama ukuta.

Fundi baiskeli alirudi. Ilipita miezi minane. Ilikuwa asubuhi, hakuna mtu, akasimama mlangoni na kofia mkononi mpaka nilipomwona.

"Hodi, dada."

"Karibu, kaka. Umepotea."

"Nilisafiri," akasema. "Nilikuwa Muheza."

Muheza ni safari ya daladala. Unakwenda, unanunua machungwa, unarudi kabla ya adhuhuri. Nikafungua droo, nikamtolea kadi yake. "Uliisahau hii," nikasema.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa shati. Akauliza kama gazeti la jana bado lipo.